Globu za Dimu

Basi lilitoka Tunduma asubuhi, na kabla halijafika Vwawa, Marita, tenga la nyanya miguuni, alishajua habari za globu kuliko alivyotaka. Kiti cha mbele, mfanyabiashara aitwaye Bashiri alikuwa akimwonyesha mzee wa pembeni yake globu nne za wati mia, mpya kutoka Nakonde, ng’ambo ya mpaka.

“Lori langu lina taa nne,” alisema. “Mbili za fuli za kumulika mbali, mbili za dimu za kupishana. Zote natia hizi.”

“Kwenye fuli tia hata jua lenyewe,” mzee akajibu. “Kwenye dimu acha za kawaida. Unapopiga dimu unampisha mwenzio. Utampishaje huku umempofusha?”

“Barabara inamtaka dereva anayeona, mzee wangu.”

Marita alitamani kuuliza barabara ilimwambia lini.

“Kwani lori lako wewe unalitia globu gani?” Bashiri akauliza.

“Sina lori, ndugu yangu. Mimi ndiye ninayekutana na malori usiku.”

Basi likasimama Vwawa. Mzee akashuka, na kondakta akamteremshia baiskeli yake kutoka juu ya basi, gurudumu la mbele limekunjika kama chapati.