Wakwe Wale Wapi?

Kijiwe chenyewe ni benchi moja nje ya duka la viatu la Gharib, jirani na stendi ya Bariadi. Gharib anaitwa Sultani kwa sababu birika la kahawa ni lake. Paschal, mpima pamba, anaitwa Redio kwa sababu hazimwi. Jumamosi hiyo alikuja Masalu wa bodaboda, amevaa shati la mikono mirefu. Mchumba wake Lucy na wazazi wake walikuwa njiani kutoka Lagangabilili. Wale na Masalu mchana, kisha wazungumzie ng'ombe wa mahari. Hakujua awapeleke wapi.

— Hoteli ile ya ghorofa, alisema Redio. Vitambaa mezani, glasi zimesimama.

— Wewe! Sultani akadakia. Baba mkwe akiona kitambaa, anaongeza ng'ombe. Akiona glasi, anaongeza na ndama.

— Basi kwa mama lishe, pale sokoni, alisema Masalu.

— Ngosha, unataka waseme binti yao atakufa njaa? Sultani akauliza.

— Sokoni unakwenda ukitoka msibani, alisema Redio. Ukigombana na mke, chipsi kuku za kufungiwa. Akikusamehe, supu. Nimelifanyia utafiti hili.

— Na mahari?

— Mahari bado natafiti.

— Samaki, alisema Sultani. Mgahawani kwa Muzdalifa, sato wa Nassa, mzima na miiba yake. Mzee akitaka kutaja ng'ombe, mwiba. Akianza tena, mwiba. Mpaka amalize sahani, mmeshakubaliana mbuzi.

— Mwiba ukimkwama je?

— Unampiga mgongoni. Umeokoa roho ya mkwe. Hapo mahari anakulipa yeye!

Redio hakutaka kushindwa.

— Chipsi mayai! Mpe kijiti cha meno, umfiche uma. Mzee anafukuza kiazi sahani nzima, binti yake anamtazama. Atataja ng'ombe wangapi na aibu ile?

— Pilau, Sultani akageuza. Sahani ya pili mtu anasinzia. Akiamka, mwambie ng'ombe walishahesabiwa, akasahau.

— Jamani, nisaidieni kweli, alisema Masalu. Lucy kaniambia mambo yakiharibika leo, anarudi na baba yake.

Hapo akafika Nyanjige, mama wa makamo, ameleta kandambili zibadilishwe. Alikuwa amesimama nyuma yao kwa muda.

— Mwangaluka.

— Mwangaluka, mayu.

— Wakwe wanakuja wote wawili?

— Wote, mayu. Baba na mama.

— Na wewe utakaa nao mezani?

— Ndiyo. Sijala tangu jana, nimeacha nafasi.

— Ng'wanone, mwanangu, na mama mkwe atakutazama ukitafuna? Tangu lini mkwe wa Kisukuma akala mbele ya mama mkwe?

Masalu akamtazama Sultani.

— Mimi niulize viatu, alisema Sultani.

Simu ya Masalu ikaita. Sauti ya Lucy ilisikika benchi zima.

— Tumeshuka stendi. Mama anauliza unatupeleka wapi.

— Kwa Muzdalifa. Sato, pilau, chochote mnachotaka. Mimi nitakaa nje nilinde pikipiki.

— Hutakula?

— Nimeshakula. Nimeshiba kabisa.

Tumbo lake likanguruma. Lucy akauliza pikipiki ya nani hiyo. Sultani akainamisha birika amwongezee kahawa. Yalitoka masimbi, mashapo matupu.