Mama Vijitumbo Aaga Kabati la Joto

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja katika maabara yetu ya magonjwa ya kuambukiza, anastaafu mtafiti wetu mkuu, ambaye mlangoni kwake ana jina refu lenye vyeo, na kwenye korido zote anaitwa Mama Vijitumbo.

Alianzia chumba cha panya. Kazi ilikuwa kuwapa panya kijidudu cha kuharisha kinacholaza watoto wachanga hospitalini, kisha kuandika kitakachotokea. Hakikutokea kitu. Panya walikula, wakanenepa, wakawa wanatuangalia. Kijidudu kile kinataka utumbo wa binadamu, na binadamu wa kujitolea kuharishwa, kama mnavyojua, ni wachache.

Ndipo akajifunza kuotesha matumbo. Unachukua kipande kidogo kilichotolewa kwenye upasuaji, kwa ruhusa ya mwenyewe, unatenga seli zenye uwezo wa kuzaa nyingine, unaziweka kwenye ute mzito ndani ya kabati la joto, unazilisha. Zikikubali, zinajipanga zenyewe kuwa utumbo mdogo kama chembe ya sukari. Vitabuni huitwa oganoidi. Yeye aliona jina hilo halibembelezeki, akaviita vijitumbo.

Vijitumbo havijui Jumapili. Mumewe alizoea kuwaeleza wageni kwamba mama watoto katoka kidogo, kaenda kulisha. Binti yao alipoandika kwenye insha kuwa mama yake anafuga matumbo, mzazi aliitwa shuleni. Alikwenda na picha. Mwalimu mkuu aliridhika kabisa, ila siku hiyo hakula mchana.

Vilivyostawi kuliko vyote vilitoka kwa fundi baiskeli mmoja aliyepasuliwa baada ya utumbo wake kuziba. Ni kwenye vijitumbo hivyo ndipo tulipoona kijidudu kikijibandika kwenye ukuta wa utumbo na kuuchakaza. Fundi alijivuna. Kila akija kliniki alipita dirishani kuuliza kama utumbo wake haujambo, na kama haujaanza kuomba nauli. Mama Vijitumbo akaanza kuvijaribia dawa za kukizuia kijidudu kisijibandike, na moja ikaonyesha dalili njema. Alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu, na kazi hiyo alitaka kuimaliza kwa mkono wake.

Mke wa fundi akapata habari. Akaja na mumewe, na hakuja na mzaha. Akauliza, vile vidude vinaumia? Akajibiwa hapana, havina mishipa ya fahamu. Vinaugua? Ndiyo, hiyo ndiyo kazi yake. Akasema basi, mume wake hawezi kuugua sehemu mbili, vitupwe. Fundi akatazama viatu vyake, akasema mkubwa wa nyumba ameshasema.

Ushauri haukukosekana. Wapo waliotaka ajifanye hakusikia vizuri hadi jaribio liishe. Wapo waliosema abakize kichupa kimoja tu kwenye friza, nani atajua. Mama Vijitumbo akawajibu kwamba alipoomba ruhusa alimwambia fundi anaweza kuiondoa siku yoyote, na hakumbuki kuongeza kwamba isipokuwa siku isiyotufaa sisi. Akatoa vya kwenye kabati, akatoa vya kwenye friza, akavimwagia klorini mbele ya wenyewe, akavitia kwenye mashine ya mvuke ya kuulia vijidudu. Akawasindikiza hadi getini. Aliporudi alikwenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Vipande vya watu wengine alivyojaribu baadaye viligoma kukua. Mwaka uliofuata mke wa fundi naye akafanyiwa upasuaji. Alipoulizwa kuhusu kipande chake, alisema kipelekwe kwa yule mama wa maabara, maana yule ukimwambia tupa, anatupa.

Vijitumbo vyake vikakua. Machi mwaka huu dawa ile imefaulu jaribio lake la mwisho la maabara, na sasa inaanza safari ndefu ya kuwafikia watoto.

Mama, vijitumbo vya mke wa fundi tumevipokea, na ruhusa yake tumeipokea jinsi ulivyoiomba. Siku akisema tuvitupe tutavitupa vyote, kisha tutakupigia simu tulie pamoja. Asante kwa kazi yako. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku nyingi zenye furaha.