Mchungaji Yustus Rwegoshora, Aliyemzika Mtoto Asiyebatizwa

Marehemu Mchungaji Yustus Rwegoshora alizaliwa Igurwa mwaka 1903, mtoto wa mzee Kakuru, mfugaji, na mama Yudesi. Alichunga ng'ombe mpaka alipoota ndevu, ndipo akaingia shule ya misheni. Alibatizwa mwaka 1922, akawa mwalimu, kisha akapelekwa chuo cha theolojia. Huko aliandika kwamba siku sita za uumbaji si kalenda. "Basi Biblia inadanganya?" mkufunzi alimwuliza. "Hapana, Bwana. Inaimba." Alibarikiwa kuwa mchungaji tarehe 6 Januari 1935.

Mwaka 1928 alimwoa Bi. Kemirembe wa Kituntu, ambaye alisomewa kila alichoandika mumewe. "Hapa umewaandikia Wazungu," alikuwa akimwambia. Naye aliandika upya.

Mwaka 1939, marehemu alipokuwa akihudumu Songambele, mjane Anatolia wa huko alifiwa na mtoto mchanga kabla ya ubatizo. Wazee wa kanisa waliagiza azikwe nje ya makaburi ya Wakristo, bila sala. Mchungaji alishika jembe mwenyewe akachimba kaburi ndani ya makaburi hayo.

"Baba Mchungaji, sheria hairuhusu," alionya mzee Placidius.

"Mtoto huyu ametoka kwa Mungu juzi tu. Nani atasema amesahau njia ya kurudi?"

Kwa hilo alizuiwa kuhubiri miaka saba. Alirudi kwenye ng'ombe na kahawa. Jumapili aliketi benchi la nyuma, na Bi. Kemirembe peke yake ndiye aliyejua jinsi kimya kile kilivyomwumiza. Ndipo alipoandika kijitabu chake, *Mungu Hakufika kwa Meli*, akieleza kuwa babu zetu waliokufa kabla ya misheni hawakuwa yatima. Mwaka 1946 wakuu wa kanisa walimwita afute maneno hayo. Akasema atafuta kila sentensi watakayomwonyesha kuwa haina upendo. Walikisoma mpaka mwisho, wakamrudishia joho.

Mwaka jana alianza kuugua ini. Mzee Placidius alimletea maziwa, akauliza, "Na baba yangu, ambaye hakubatizwa?"

Marehemu alimshika mkono. "Alikutangulia nyumbani."

Alifariki tarehe 14 Agosti 1957, alasiri, mkewe akiwa kando yake. Ameacha mjane, watoto wanne, Muhangi, Edvina, Cassian na Auleria, pamoja na wajukuu. Mungu, ambaye marehemu hakuwahi kumwogopa, ampe pumziko la amani.