Fundi Zima-Washa Aagana na Wodi ya Watoto Wachanga

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, fundi wetu wa mtandao anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Kwenye faili ana jina jingine. Wodini kwetu anaitwa Zima-Washa, na mimi, muuguzi mkuu wa wodi, nimepewa kazi ya kueleza kwa nini.

Alianza na simu za mezani. Mtandao usiotumia waya ulipoingia, alipanda ngazi na kufunga visambazaji vyote darini kwa mkono wake. Kimoja, cha kwenye korido yetu, kilikuwa kikiganda ovyo. Kwa kuwa yeye ni mmoja na majengo ni manne, alitufundisha kukizima na kukiwasha kwa mpini wa ufagio. Tukawa hodari. Hata daktari bingwa alishika ufagio.

Mwaka jana uongozi uliamua kengele za hatari za watoto wetu zihamie kwenye mtandao huo, na waya ziondolewe. Zikiwa zimebaki wiki mbili, Zima-Washa akakosa raha. Akaanza kuandika kila kisambazaji kilipoganda, akagundua ni kila mara mama wa usafi apitapo na simu yake kuukuu. Alimwomba watembee pamoja koridoni siku mbili nzima, mpaka mume wa mama akauliza kulikoni. Ikabainika kuwa simu ilituma ujumbe mfupi wenye kasoro, na kisambazaji kilipoupokea kikazimia. Hata nywila haikuhitajika. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kusimama nje ya dirisha na kuzinyamazisha kengele zote.

Kampuni iliyotuuzia vifaa ilidai simu ndiyo mbovu. Fundi akamwita mama wa usafi kikaoni. Alipoingia tu, skrini ya majaribio ya kengele mpya ikaganda mbele ya mkurugenzi. Tulidhani fundi atatamba. Alisema tu: "Kosa la kwanza ni langu. Niliwafundisha ufagio, ndiyo maana ugonjwa haukuonekana mapema." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, yeye hakukisubiri.

Waya zilibaki hadi kampuni ilipoleta marekebisho, miezi mitano baadaye. Katika miezi hiyo kengele zililia kwa hatari ya kweli mara kumi na moja, na kila mara tulifika kwa wakati.

Ndugu yetu, asante sana. Tunakutakia afya njema, usingizi wa mchana, na wajukuu wasiochokonoa simu yako. Watoto kumi na mmoja wako nyumbani kwao, na wazazi wao hawajui hata kama upo. Sisi tunajua.