Kabati la Mfaransa

Kijiwe chetu kipo Kensington, Johannesburg, ubavuni mwa duka la matairi, pale ambapo ukuta unakinga upepo na mwenye duka ameshachoka kutufukuza. Kahawa nauza mimi, Othmani wa Tanga, na naomba ieleweke kwamba kahawa yenyewe ni nzuri kuliko mazungumzo yanayoisindikiza. Wateja wa kudumu ni watatu. Kang'ethe, Mkenya, tunamwita Daktari kwa sababu anasomea shahada ya uzamivu chuoni Braamfontein, mwaka wa tisa sasa. Hénock wa Lubumbashi tunamwita Redio, na ukikaa naye dakika tano utajua kwa nini. Salum, fundi simu, tunamwita Mwakani, maana kila mwaka anarudi Tanga mwakani. Jumamosi hiyo Salum alifika saa tisa alasiri, akakaa bila kuagiza kitu, nami nikajua nyumbani kumechafuka.

— Mmemwona yule Mfaransa? akauliza.

Mfaransa ni Titouan, kijana wa miaka ishirini na minne, mwalimu wa Kifaransa, amepanga chumba cha uani nyumba ya pili kutoka kwa Salum. Ana miezi minne hapa. Hupita kijiweni kila jioni kwa sababu mtaa mzima ni Hénock tu anayemwelewa akiongea haraka. Ameshajifunza kunywa kahawa chungu, kununua umeme kabla haujakatika, na kuinua kidole kinachotakiwa ili teksi imsimamie. Nampenda yule kijana. Huanza na salamu, shida yake baadaye.

— Kafanya nini? nikamuuliza Salum.

— Kanunua kabati.

— La vyombo?

— La nguo. Milango mitatu, kioo katikati. Pikapu imelileta saa sita. Mayasa kasimama dirishani, kalitazama likishushwa, mpaka pikapu imeondoka.

Mayasa ni mkewe. Amekuwa akiomba kabati tangu mtoto wao wa kwanza hajaota meno, na jibu la Salum ni lile lile: kabati la nini, na sisi ni watu wa kuondoka? Nguo za watu wanne zimo kwenye masanduku chini ya kitanda. Sare za shule zinaning'inia kwenye misumari. Zangu mimi zimo kwenye begi, lakini hilo hakuna aliyeniuliza.

— Kaniambia hivi, Salum akasema. Mtu wa miezi minne kanunua kabati, wewe una miaka kumi na moja. Kanipa mpaka saa kumi na moja nimletee sababu yenye akili. Nisipoileta, anachukua watoto anaenda kwa Ummi, dada yake, kule Diepsloot.

— Saa kumi na moja ya leo? Kang'ethe akauliza. Na atakuwa amemaliza kupaki?

— Apaki nini? nikasema mimi. Nguo zimefungashwa miaka kumi na moja.

Salum alinitazama vibaya, na nilistahili. Nikammiminia kikombe bila kumdai.

— Nisaidieni basi. Nataka sababu moja tu. Mfaransa kanunua kabati kwa nini?

— Hiyo ni rahisi, Kang'ethe akasema. Hao watu hulipiwa kila kitu na waajiri. Nyumba, fanicha, mpaka pazia. Hiyo kabati si yake.

— Mayasa kamwona akilipa mwenyewe.

— Eish. Basi hiyo imekufa.

Hénock alikuwa akingoja zamu yake kwa tabu.

— Miye ndiye minamujua ule kijana. Mutu akinunua kabati, ile ni mutu ambaye hawezi tena kurudia kwabo. Kuko kitu alifanya kule.

— Kitu gani?

— Kila siku anatembea na miguu. Mulishaonaka wapi muzungu wa Johannesburg anatembea na miguu? Gari iko na namba, namba inafwatwa. Ule anajificha.

— Anamkimbia nani?

— Baba ya mwanamuke.

— Mwanamke yupi?

— Ule mwenye hatujamuona.

— Mayasa hatakubali, Salum akasema. Atauliza jina la huyo mwanamke.

Kang'ethe akasogea mbele, akashusha sauti.

— Wacha niwaambie kitu. Hizo nchi zao zinazeeka. Serikali inatuma vijana mapema waende washike nafasi. Leo mmoja na kabati. Mwaka ujao ni hamsini na makabati.

— Waje kushika nafasi Kensington?

— Wanaanzia mahali hakuna mtu anaangalia.

— Na kioo, Hénock akadakia. Juu ya nini kabati iko na kioo? Kioo inaangalia dirisha, dirisha inaangalia nyumba ya Salum.

— Unataka kusema ananipeleleza?

— Miye sisemi. Ni kioo inasema.

Salum akaanza kulifikiria jambo hilo kwa dhati, na hapo nikakasirika.

— Salum, utasimama mbele ya mkeo umwambie kwamba Ufaransa inakuchungulia ukibadilisha vioo vya simu?

— Nimwambie nini, kaka? Sauti yake ilikuwa imeshuka. Nikinunua kabati, habari itafika Tanga kabla sijalipanga. Watasema Salum kahamia. Mama nilimuaga kwa miezi mitatu.

Iliniuma, nikafuta macho nikasingizia moshi wa jiko. Kang'ethe akawa anapuliza kahawa iliyokwisha poa.

Saa kumi na nusu wingu zito lilikuwa limeshafunika mtaa. Titouan akatokea mbio upande wa roboti, taa za barabarani, vumbi mpaka kwenye nyusi, kidole gumba kimechubuka. Alitusalimu kwa mkono, mmoja mmoja, kama tulivyomfundisha, kisha Kifaransa kikamtoka kwa fujo.

— Anasema kabati imekwama mu mulango, Hénock akatafsiri. Nusu iko ndani, nusu iko inje, na mvula inakuya.

— Muulize kwanza alinunua ya nini, Salum akasema.

Hénock akamuuliza. Kijana alionekana kutoelewa kwa nini anaulizwa.

— Anasema manguo yake ilikuwa kwa chini.

Salum akangoja.

— Halafu?

— Ni ile tu.

Titouan alitutazama kwa zamu, uso umechangamka. Alionekana kuamini kwamba amefika penyewe: watu wazima, wengine na familia, wenye miaka kumi, wenye kumi na tano katika mji huu. Akasema tena maneno machache. Safari hii Hénock alichelewa kutafsiri, na Hénock hachelewagi.

— Anasema milango ya vyumba vya huku yote ni midogo. Anauliza, ninyi kabati yenu muliingizaka namna gani?

Nikaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Kang'ethe akainama akafunga kamba ya kiatu. Simu ya Salum ikatetemeka juu ya benchi, jina la Mayasa likiwaka, naye hakuigusa.

Titouan akadhani hatukumwelewa. Akamgeukia Salum, jirani yake mwenye watoto, akarudia swali polepole, akichora mlango hewani kwa mikono miwili. Salum alikuwa ameelewa tangu mara ya kwanza.