Fundi Thabit, Rimoti Moja na Gari Mbili za Mzee Bader

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika gereji yetu ya Avenue ya Tisa, Buyenzi, Fundi Thabit anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Wasifu wake nimepewa mi, Karimu wa breki, kwa sababu nimekaa naye benchi moja tangu mwanzo, na hapa gereji hakuna mwenye kumbukumbu kama yangu.

Alianza na spana, kama sisi wote. Gari zenye rimoti zilipoanza kuingia Bujumbura, mafundi walizikimbia kama nyuki. Thabit akazifungua, akazichungulia, akazielewa. Aliyemshikia taa ni mi, kwa hiyo kipande cha ufundi ule ni changu, ingawa sipendi kujisifu. Muda si mrefu watu wakawa wanatoka Uvira, Gitega, hata Kigoma, kuja kuprogramu rimoti kwake. Mmoja alileta rimoti iliyomezwa na mbuzi. Thabit aliiosha, akaianika juani, na gari ikafunguka. Mbuzi sijui aliishia wapi.

Lakini sifa zake hasa zinatoka kwa Mzee Bader, mfanyabiashara wa vitambaa. Mzee ana wake wawili, mmoja Buyenzi, mmoja Kigobe, na kila nyumba ilikuwa na gari yake, Toyota Carina TI nyeupe. Kila siku alitoka na rimoti ya nyumba nyingine. Thabit akazifundisha gari zote mbili kutii rimoti moja. Jambo hilo lilikuwa halijaonekana Burundi nzima. Afrika sisemi, sijaimaliza kuizunguka.

Tatizo, gari zile zilikuwa hazijawahi kusimama pamoja. Zilikutana siku ya harusi ya Nura, binti wa mzee. Moja ilipambwa maua kwa ajili ya bibi harusi, nyingine ya wageni. Mzee akabonyeza awafungulie mashangazi wa bwana harusi ile ya wageni, zikafunguka zote mbili. Mashangazi wakachagua yenye maua, wakajipanga ndani na mikoba yao. Na hapa Buyenzi, shangazi wa bwana harusi akishakaa, nani atamwambia ashuke?

Nura akatoka na shela lake, hana pa kukaa. Mzee Bader akamwambia Thabit mbele ya watu kwamba msafara ukichelewa, gereji yetu isahau gari zake na za ukoo wake wote. Na gari hizo ndizo zilizokuwa zinatulisha. Thabit akatoa koleo mfukoni mwa kanzu, maana hata harusini alikwenda nalo, akakata waya zilizoshika maua, akayahamishia yote kwenye gari ya pili. Mashangazi hawakuguswa, bibi harusi akapanda gari ya maua, tukaondoka. Kesho yake akamtengenezea mzee rimoti ya vitufe vinne, viwili vya Buyenzi, viwili vya Kigobe.

Tangu siku hiyo Mzee Bader hataki mkono mwingine. Ndiyo maana Thabit ameahirisha kustaafu mara mbili, na mara mbili mkewe, Bi Miza, amefunga masanduku ya kuhamia Rumonge, akayafungua tena.

Mwezi uliopita mzee alinunua gari ya tatu. Thabit akamwomba kazi ampe Fundi Benite, mama aliyetoka Uvira na kujifunza kwake miaka mingi.

"Apana," mzee akasema. "Mi namujua Thabit."

"Basi mzee, utamwambia Miza mwenyewe."

Mzee anamjua Bi Miza pia. Akatoa rimoti, akampa Benite.

Benite akazipanga gari zote tatu bega kwa bega, makusudi. Thabit alikaa nje na kikombe cha chai, hakunywa. Kazi ilipokwisha, mzee akabonyeza. Moja ikawasha taa, mbili zikanyamaza. Akabonyeza kitufe kingine, ya pili ikaitika peke yake. Kisha ya tatu. Akaenda hadi kona ya msikiti, akaanza upya. Zikaitika vilevile.

"We Thabit," akasema akirudi, "nenda. Utusalimie Rumonge."

Fundi Thabit, asante kwa mikono yako, kwa utani wako, na kwa koleo la harusini. Tunakuombea afya na usingizi mzuri wa mchana, na masanduku ya Bi Miza yafunguliwe Rumonge, yasifungwe tena.