Nguzo ya Malkia Iliyoachwa Nyuma

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi Agam, mkwe wa marehemu, niwasomee maisha ya Fundi Leman bin Daud, na kwa kuwa wengi wenu mlikuwa na jina jingine la kumwita, naomba mnivumilie hadi mwisho.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, mwezi wa Rajabu 1264, katika kijiji cha Lam Jeureuneh kando ya mto Aceh, mtoto wa nne na wa pekee aliyeishi. Alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi, kisha akajifunza kwa baba yake ujenzi wa nyumba zetu hizi zilizoinuliwa juu ya nguzo, zisizojua msumari, zinazoshikwa kwa kabari tu, na mikono yake haikupata kazi nyingine maishani.

Mwezi wa Shawali 1287 alimwoa Nyak Asiah, akahamia kwao kama ilivyo desturi, katika nyumba aliyoijenga yeye mwenyewe kwa ombi la wakwe, na asubuhi ya kusimika nguzo mbili kuu, ya mfalme kwa mume na ya malkia kwa mke, mama mkwe aliipaka ile ya malkia unga na maji ya baraka kwa mkono wake. Walijaliwa mabinti wawili, Nyak Puteh, na Nyak Buleuen ambaye ni mke wangu.

Zulhija 1290, siku chache kabla ya Idi, Waholanzi waliitwaa ikulu ya Sultani, wakatangaza kuwa nchi yote ni yao, vijiji vya mtoni vikachomwa, na kipindupindu kikamchukua mama mkwe. Marehemu aligonga kabari, akaifungua nyumba kwa siku mbili, ikabebwa mabegani hadi huku Seulimeum, lakini yeye, hodari wa kuhesabu kila ubao, aliiacha nyuma nguzo ya malkia. Akachonga nyingine, nzuri kuliko ile, na Nyak Asiah akakataa kupanda ngazi.

"Hiyo ya nani?" alimuuliza mbele ya mafundi wenzake. "Ya mama iko wapi? Wewe jenga, baba Puteh, mimi nitalala hapa chini penye kinu."

Na alilala penye kinu karibu miaka minne.

Muharam 1294 marehemu aliteremka bondeni bila kuaga, akaomba useremala katika ngome ya Waholanzi, ambako nguzo ile ilikuwa imegeuzwa ya kufungia farasi. Aliwajengea mabanda miezi kumi na mmoja, akakataa ujira, akaomba lile gogo, na ofisa akacheka sana akampa. Aliporudi nalo begani, watu walimtemea mate.

"Karibu, fundi wa makafiri! Msikiti nao umewajengea?"

Aliyesema hivyo yuko nasi hapa, na marehemu aliniomba nisimtaje. Nyak Asiah aliipapasa nguzo mahali farasi walipoitafuna, akangoja isimikwe, akapanda ngazi. Nilipomuuliza marehemu kwa nini hakujitetea miaka yote hiyo, alinijibu, "Mabanda si nimeyajenga kweli? Nijitetee nini?" Mimi ilinichoma, na inanichoma hadi leo.

Kifua kilimshika mwezi uliopita, akafariki Alhamisi, tarehe 12 Shaabani 1339, akiwa na miaka sabini na mitano, ameegemea nguzo hiyo. Usultani aliozaliwa ndani yake haupo tena, nyumba ipo.

Tunamshukuru tabibu Tengku Ma'ali aliyekesha naye, majirani mlioleta mchele na nazi, mafundi wenzake mliochonga jeneza, na ninyi mliomtemea mate zamani, kwani leo nimewaona mkigombania kulibeba.

Nyak Asiah hawezi kusimama, amenipa neno ambalo kwa miaka arobaini na minne hakuwahi kumwambia: "Baba Puteh, asante." Umelisikia, fundi wetu, basi weka nyundo chini, upumzike kwa amani.